Lamu kwa Msomaji wa Tenzi: Namna ya Kutembelea Makumbusho Yake na Visiwa vya Jirani

Mara ya kwanza nilipoingia Nyumba ya Kiswahili, ile nyumba ya makumbusho iliyo ndani ya mitaa ya Lamu, nilisimama mbele ya ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa dakika mbili, nikapiga picha, nikatoka kwenda kutafuta juisi ya ukwaju. Niliona rafu nzuri za chokaa, basi. Miaka michache baadaye nikarudi nikiwa nimeusoma utungo wa kale uitwao Al-Inkishafi kutoka mwanzo hadi mwisho, tena kwa sauti. Safari hiyo sikuweza kuondoka mbele ya ukuta ule. Nilijua sasa kwamba vidaka vya namna hiyo ndivyo alivyovililia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipouona mji wa Pate, kwenye kisiwa cha jirani, umekwisha: mahali pa sahani za kaure pamekuwa viota, makinda ya ndege yamelala humo, na bundi anakoroma katikati ya nyumba.

Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Lamu haina jengo lililoandikwa mlangoni "makumbusho ya fasihi". Lakini sijui mahali pengine katika pwani yetu ambapo unaweza kusoma ubeti asubuhi na kabla ya adhuhuri ukakigusa kitu kilichotajwa ndani yake. Nitakupa mpangilio ninaoutumia mimi kila ninapopeleka wageni. Unahitaji siku nne, tatu zitakubana.

1. Soma kabla ya kufunga mkoba

Hatua hii usiiruke. Beba tungo mbili.

Ya kwanza ni Al-Inkishafi, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Haifiki beti 80, kwa hiyo jioni moja inatosha kuimaliza. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukanya, anauonyesha dunia ilivyowafanyia matajiri wa Pate. Tafuta chapa yenye maelezo ya maneno, kwa sababu Kiamu na Kipate cha zamani, lahaja za Lamu na Pate, zitakukwamisha kama umezoea Kiswahili cha shuleni. Kuna jambo moja linalonifurahisha hapa: James de Vere Allen, aliyeyasimamia Makumbusho ya Lamu katika miaka yake ya mwanzo, ndiye pia aliyetoa tafsiri ya Kiingereza ya utungo huu mwaka 1977. Mtu aliyekuwa akipanga vyombo vya Lamu ndani ya makabati alikuwa pia akipanga beti hizi mezani.

Ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji mwingine wa kisiwa cha Pate. Alipotunga alikuwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, na anamwita binti yake, Mwana Hashima, aje akae karibu aandike wasia. Alifariki baada ya muda mfupi, yapata 1860. Watu wengi wanaukumbuka utendi huu kwa mafunzo ya mke kwa mumewe, na mabishano juu ya mafunzo hayo hayajaisha hadi leo. Mimi naomba uusome pia kama sauti ya mama anayejua kwamba muda umekwisha. Ukiusoma hivyo, vyumba vya ndani vya Lamu utavitazama kwa jicho jingine.

Jifunze na maneno machache ya Kiamu: *mui* ni mji, *yuu* ni juu, *tini* ni chini, *mato* ni macho. Ukiyajua haya, tenzi zinafunguka na mazungumzo ya barazani yanafunguka pamoja nazo.

2. Chagua majira yako

Pepo ndizo zinazoamua. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, huleta bahari tulivu na jua kali. Masika huanguka Aprili na Mei, vijia vinajaa maji, na safari ya Pate huwa ya taabu. Kusi linapovuma sana, Juni hadi Agosti, bahari nje ya visiwa huchafuka, ingawa ndani ya mikondo ya visiwa boti huendelea.

Mwezi wa Mfungo Sita, yaani Rabiul-Awwal, ni wa Maulidi. Wageni humiminika kutoka pwani nzima na nje ya nchi, nyumba za wageni hujaa, na mji wote husikika kwa dufu na kasida. Ukitaka kusikia ushairi ukiwa hai vifuani mwa watu, huo ndio wakati wako, lakini weka chumba mapema sana. Tamasha la utamaduni la Lamu nalo kwa kawaida hufanyika Novemba, na huwa na mashindano ya majahazi, ya punda na ya mashairi. Ramadhani ni mwezi mtamu jioni na mgumu mchana kwa anayetafuta chakula: mikahawa mingi hufungwa hadi magharibi, na si adabu kula njiani.

3. Fika

Kwa ndege utatua Manda, kisiwa kinachotazamana na mji, kisha unavuka kwa boti. Ndege hutoka Nairobi, Mombasa na Malindi.

Kwa basi kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Barabara baada ya Garsen imewahi kuwa na matatizo ya usalama, kwa hiyo uliza hali ilivyo wiki hiyohiyo unayosafiri. Panda basi la asubuhi, na polisi wakisema msubiri, subirini. Mokowe boti za abiria hujaa haraka; dai jaketi la kuokolea hata kama nahodha anacheka na kusema ni hapo tu. Safari moja nilikubali kukaa bila jaketi kwa kuona haya, injini ikazima katikati ya mkondo, na ile robo saa tuliyoelea sijaisahau.

Gatini utapokewa na vijana watakaotaka kukubebea mizigo na kukutafutia chumba. Kama tayari una mahali, taja jina la nyumba kwa upole na utembee. Ukimhitaji mmoja wao, patana bei kabla hajagusa begi.

Lala Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, penye nyumba za mawe za zamani. Ukipata chumba chenye boriti za mkoko darini, utakuwa umeanza somo lako kabla hujafika makumbusho.

4. Anza na jengo la pwani

Makumbusho ya Lamu yako mbele kabisa, yakitazama bahari, katika jengo la ghorofa lililokuwa makazi ya maofisa wa kikoloni. Yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Beba kitambulisho au pasipoti, kwa sababu kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki si sawa na cha mgeni wa mbali, na uwe tayari kulipa kwa simu badala ya noti. Nenda asubuhi wanapofungua; kufikia saa sita joto linachosha macho.

Pita pole kwenye mifano ya vyombo vya baharini, milango na mapambo, lakini nguvu zako zihifadhi kwa siwa. Siwa ni baragumu kubwa linalopulizwa kutoka ubavuni. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na ile ya Pate inazidi urefu wa mtu mrefu. Haikupulizwa ovyo: ilisikika mfalme anapotawazwa, na katika arusi na tohara za watu wa daraja. Unapokuwa mbele yake, kumbuka kwamba mshairi wa Al-Inkishafi alikuwa akiandika juu ya watu waliopigiwa siwa, kisha wakanyamaza makaburini. Inama utazame michoro iliyochongwa kwenye pembe, mistari iliyosukwa kama mkeka. Mchongaji hakuacha hata sehemu ya upana wa kidole bila kazi.

Saa moja na nusu inatosha.

5. Nyumba ya Kiswahili: hapa kaa

Toka uingie mitaani. Uliza "Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho", mtoto yeyote atakupeleka. Ni nyumba ndogo ya karne ya 18, na wengi huimaliza kwa dakika kumi. Nakuomba uipe saa nzima.

Fuata mpangilio wa nyumba kama angeufuata mgeni wa zamani. Kwanza *daka*, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande zote mbili. Wanaume wengi waliokuja kwa shughuli waliishia hapa. Kisha unapinda kona. Mpindo huo umewekwa makusudi ili aliye njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Unatokea *kiwandani*, uani penye mwanga. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kama kurasa: *msana*, kisha msana mwingine, kisha *ndani*, kila kimoja kikiwa na kiza kuliko kilichotangulia. Sakafu nayo inapanda kidogo kidogo kadiri unavyoingia.

Tazama kutoka ukuta hadi ukuta, uone chumba kilivyo chembamba na kirefu. Sababu ni boriti. Dari limebebwa na miti ya mikoko, na mkoko haukupi mti wa kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, basi kila tajiri wa Lamu, hata awe na mali gani, alijenga kwa kipimo alichopewa na mikoko. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene, ndiyo maana jua la nje hulisikii.

Sasa tazama zidaka. Ni vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vikiwa na nakshi za chokaa kandokando, vikijaza ukuta wa chumba cha ndani. Humo ziliwekwa sahani za kaure kutoka China, vyombo vya thamani, vitabu. Mwombe msimamizi azime taa ya umeme kwa dakika moja, kama inawezekana. Kisha fikiria taa za mafuta zimewashwa, mwanga unagonga kaure na kurudi. Mshairi anasema usiku wao ulikuwa kama mchana, na nilipokuwa nasoma mjini nilidhani anatia chumvi. Siku niliyomwona msimamizi akipitisha mwanga wa simu yake juu ya zile sahani chache zilizobaki, ukuta mzima ukametameta, nikajua alikuwa anasema alichokiona.

Soma beti hizo hapo hapo, kwa sauti ya chini. Hakuna atakayekushangaa. Msimamizi mmoja mzee, nilipoanza, alinipokea ubeti wa pili kwa kichwa, bila kitabu, tena kwa lafudhi ambayo iliviweka vina vyote mahali pake. Vile ambavyo mimi nilidhani vimepishana kumbe ni mimi niliyekuwa nikivitamka kibara.

Kabla hujatoka, chungulia birika la maji la msalani. Watu wa Lamu walizoea kufuga samaki wadogo humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na katika chumba cha ndani, kaa kidogo umkumbuke Mwana Kupona. Chumba kama hiki ndicho alichougulia mwanamke wa daraja yake, na katika chumba kama hiki binti aliambiwa achukue wino na karatasi.

6. Ngome, na vita vya mashairi

Mchana ukipungua joto, nenda Ngome, iliyo kwenye uwanja mkuu wa mji. Ujenzi wake ulianza yapata 1813 na kumalizika 1821, baada ya vita vya Shela, kijiji cha jirani, ambapo Waamu, yaani watu wa Lamu, waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa na kisha wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Baadaye ikawa gereza, hadi 1984.

Wageni huambiwa habari za mizinga na wafungwa. Ongeza hili: enzi hizo ushairi ulikuwa silaha. Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, na mashairi ya kujibizana yalivuka bahari yakiwa yamejaa mafumbo, vitisho na kejeli. Panda juu ya kuta saa kumi na moja jioni, utazame mapaa ya mji na mkondo. Majibu yalifika kwa njia hiyo ya maji.

Ukishuka, uwanjani chini ya miti utakuta wazee. Toa salamu kamili, kaa ukikaribishwa, kunywa kahawa ya tangawizi na kipande cha halua. Usianze kwa maswali. Ukiulizwa umekuja kufanya nini, sema umekuja kwa ajili ya tenzi. Neno hilo linafungua mengi kuliko pesa ya mwongoza watalii. Na uwe na adabu ya picha: omba ruhusa, hasa kwa wanawake, na ukikataliwa weka simu mfukoni. Mavazi yawe ya kufunika mabega na magoti.

7. Langoni na Riyadha

Siku ya pili asubuhi fuata Usita wa Mui, njia kuu, kwenda kusini hadi Langoni. Barabara ni nyembamba na punda waliobeba mchanga au mawe hawapishi mtu. Wewe ndiye wa kujibana ukutani. Kifungua kinywa kipate njiani: mahamri na mbaazi za nazi, au mkate wa mofa ukiuona.

Msikiti wa Riyadha ulianzishwa na Habib Saleh, aliyekuja kutoka Komoro, na ndiyo kitovu cha Maulidi ya Lamu. Wengi hawajui kwamba hapa pia kuna hazina ya miswada ya kale iliyoandikwa kwa mkono, ambayo imepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na unaweza kuitazama kwenye intaneti ukiwa nyumbani. Fanya hivyo kabla ya safari. Ukifika, msikiti ni mahali pa ibada na elimu, si maonyesho: kaa nje, uliza kwa wahusika, ukubali jibu lolote.

8. Shela na Takwa

Alasiri tembea kwa miguu hadi Shela, kilomita tatu kandokando ya bahari, kama dakika arubaini na tano maji yakiwa yamepwa. Maji yakijaa, panda mashua. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara unaochongoka juu, ulijengwa 1829. Nyuma ya kijiji ni machuguu ya mchanga ambako vita vilipiganwa, na mbele ni ufuo wa kilomita kama 12. Ogelea karibu na kijiji, mbali huko mkondo ni mkali na hakuna wa kukuona.

Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, ni magofu ya mji ulioachwa karne ya 17. Boti huingia kwa hori katikati ya mikoko, na maji yakipwa haliingiliki. Kuna kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1682 hivi, ambalo watu wa Shela huenda kulizuru na kuomba mvua. Ni pazuri, lakini kama una siku moja tu iliyobaki, iache Takwa uende Pate.

9. Pate, siku nzima

Usiku wa kuamkia safari, mtafute nahodha umuulize jambo moja tu: maji yanajaa saa ngapi? Njia ya ndani hupitia Mkanda, mfereji kati ya Manda na bara, na maji yakipwa chombo kinakwama. Ratiba yote inategemea jibu hilo. Boti ya abiria ni nafuu na hujaa magunia na kuku. Ya kukodi ni ghali lakini inakusubiri. Beba maji ya kunywa ya kutosha, kofia na viatu vya kufunika vidole.

Utashuka Mtangawanda, kisha pikipiki au miguu hadi mji wa Pate. Ukifika, piga hodi kwanza: uliza mzee wa mtaa, eleza nia yako, chukua kijana wa hapohapo akuongoze. Magofu yako nyuma ya nyumba za watu, na katikati ya kuta zilizoanguka wenyeji wamelima tumbaku. Majani mapana ya kijani yameota ndani ya vilivyokuwa vyumba. Utavuka tuta, uvuke kizingiti, uvuke tuta tena.

Tafuta ukuta wenye zidaka, kijana atajua. Nakshi imebanduka, chokaa imekuwa nyeusi kwa mvua, na shubaka nyingine zimebaki nusu. Nilipofika mimi, katika moja ya safu ya juu palikuwa na vijiti vikavu na manyoya. Sikuhitaji kufungua kitabu.

Ukiwa na nafasi ya kulala kisiwani, endelea hadi Siyu, mji wa mume wa Mwana Kupona, uliosifika kwa wanazuoni na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mwekundu na mweusi. Ngome yake ya karne ya 19 ingali inatazama hori. Usipokuwa na nafasi, geuka mapema. Rudi Mtangawanda saa nzima kabla ya muda aliokutajia nahodha, kaa kivulini karibu na chombo, na usimpe sababu ya kukusubiri, kwa sababu Mkanda haumsubiri yeye.